Wachekeshaji wa Magwagwa, Shikeni Kalamu

Mwaka 2007 runinga ya Citizen ilianza kupeperusha kipindi ambacho mhusika wake mkuu ni bawabu. Asubuhi anatoka nyumbani amevaa suti, mkewe akijua anaenda kuketi ofisini. Akifika kazini anaivua suti, anavaa sare na kusimama langoni. Kutokana na uongo huo mmoja, Charles Bukeko, aliyekibuni kipindi hicho na kukiigiza, aliwachekesha Wakenya kwa zaidi ya miaka kumi. Watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakawa wanamwita Papa Shirandula, jina la mhusika wake, barabarani, kanisani na hata magazetini. Alipofariki tarehe 18 Julai 2020, korona ikiwa imeshika nchi, alililiwa kila pembe.

Nakuandikia wewe kijana wa Magwagwa, Nyamira, kwa sababu ya bawabu huyo. Kila kijiji cha Nyamira kina mtu aliyewahi kulinda lango Nairobi. Umemwona akirudi Desemba. Unajua anavyotembea siku ya kwanza akishuka kwenye gari, na anavyotembea siku ya kumi nauli ya kurudi ikiwa imeshaliwa. Mtu ambaye Bukeko alimjengea kipindi alikuwa amekaa kwenye boma lenu tangu hujazaliwa. Bukeko alimtazama kwa makini, akamtungia kisa, akatafuta waigizaji wa kukibeba naye, kisha akakifikisha kwenye kituo cha runinga.

Neno langu ni moja na nitalisema tangu sasa. Kuchekesha ni kipaji, na Magwagwa mnacho tele. Lakini kazi ya kuchekesha huanza siku unapoandika, na huanza kukulisha siku unapomiliki ulichoandika.

Pita kwenye steji ya bodaboda saa kumi na moja jioni uone ninachosema. Kijana ameketi upande juu ya pikipiki yake, helmeti ameitundika kwenye kioo, wenzake sita wamemzunguka. Anasimulia kisa cha jamaa aliyekuja nyumbani Krismasi na gari la kukodi, akiwaambia watu ni lake. Mzee wa boma, kwa furaha, akaamua kwamba kabla mwaka haujaisha lazima apelekwe kwa wakwe wote awasalimie ndani ya gari la mwanawe. Mafuta yanaisha. Mwenye gari anapiga simu kutoka Nairobi. Mzee ameketi mbele, anauliza ni nani huyo anayepiga kila dakika, na jamaa anajibu kwa Kiingereza kirefu kwamba ni bosi wake. Kijana anazitoa sauti zote: kikohozi cha mzee, Kiingereza cha jamaa, hata mlio wa simu. Kuna mwenzake amekaa chini kabisa, ameshika tumbo. Kisha mama mmoja anakuja na mkungu wa ndizi, anataka kupelekwa, pikipiki inawashwa, na kisa kinaishia pale.

Ile ni filamu. Nasema hivyo nikijua ninachosema. Ina mtu anayetaka kitu: heshima. Ina uongo anaopaswa kuulinda. Ina saa inayohesabu, kwa kuwa gari lina tarehe ya kurudishwa. Ina wazee kwa vijana, na humo kuna chinsoni, ile heshima ya Abagusii inayomzuia mtu kukaa ovyo na mkwe wake au kutamka maneno fulani mbele yake. Hebu mweke baba mkwe kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, bega kwa bega na mkaza mwana wake, barabara ikiwa ya mashimo. Hakuna mwandishi wa London anayeweza kukuandikia dakika hizo tano. Ni wewe tu unayejua nani atasogea, nani atajifanya amelala, nani atashuka atembee kwa miguu ili kulinda heshima.

Majani ya chai yasiyochumwa kwa zamu yake hukomaa, na kituoni hayapokelewi tena. Kisa kile cha steji nacho ni hivyo: kitasimuliwa mara tano, kila mara kikipoteza kitu, kisha kitakufa. Au mtu wa mbali atakisikia, atakiandika, na utakiona kwenye simu yako kikiwa na jina lake.

Tumewahi kupitia hali hiyo kama watu wa Afrika Mashariki, tena kwa muda mrefu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa filamu huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Wakatengeneza filamu fupi na kuzizungusha kwa gari Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda. Mwaka 1939 serikali yao ikaunda kitengo cha filamu za makoloni, na aliyekiongoza, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu inayokwenda kasi. Picha ziende polepole, zionyeshe jambo moja moja, zisiwe na madoido. Hayo yalisemwa kuhusu bibi zetu, waliokuwa wakisimulia ngano gizani kwa sauti za wanyama watatu, na mtoto wa miaka minne akawafuata bila kupotea hata mara moja! Waliosema hivyo ndio walioshika kalamu, ndio walioshika kamera, na ndio waliochagua tucheke nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliunga mkono filamu za Kiswahili, na moja yao ikaitwa Muhogo Mchungu. Aliyeng'ara humo alikuwa kijana mfanyakazi wa serikali, Rashidi Kawawa. Ndiyo, Kawawa yuleyule ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kipaji cha kusimama mbele za watu kilikuwepo, tena cha kutosha kuongoza nchi. Lakini studio haikuwa yetu. Katikati ya karne iliyopita sisi tuliazimwa nyuso tu.

Hata baada ya uhuru, uso uliendelea kuwa wetu na daftari likawa la wengine. Nani hapa Kenya asiyemjua Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi? Benson Wanjau, Mkikuyu, alivaa sauti na mwendo wa Mjaluo hadi wengi wakaapa kwamba ni mtu wa ziwani, na yeye na mwigizaji mwenzake Mama Kayai wakaingia katika kila nyumba yenye runinga. Macho yake yalipofifia uzeeni, ilibidi Wakenya wachange pesa ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika, na ndiyo maana jambo hilo linaniuma. Mtu aliyechekesha taifa kwa miongo hakupaswa kufikia kuchangiwa. Mwigizaji hulipwa siku anayoigiza. Mwenye kazi hulipwa kila inapoonyeshwa, na wanawe hulipwa baada yake.

Sasa nikupe mtu mmoja wa mbali, kwa kuwa maisha yake yanaonyesha njia yenyewe waziwazi.

Billy Wilder alizaliwa 1906 katika mji mdogo wa Sucha, ambao leo uko Poland. Alianza kama mwanahabari Vienna, akahamia Berlin, akaanza kuandika miswada ya filamu. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Wilder, ambaye alikuwa Myahudi, alikimbilia Paris, na mwaka uliofuata akafika Marekani. Mama yake, aliyebaki nyuma, aliuawa na Wanazi. Fikiria hali ya kijana huyo Hollywood: kazi yake ni maneno, na lugha ya nchi aliyofikia haijui vizuri. Alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza redio. Muda wa kukaa ulipokwisha, ikambidi avuke mpaka hadi Mexicali, upande wa Mexico, asubiri kibali cha kurudi. Hakuwa na karatasi za kutosha. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba afisa wa ubalozi alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwamba anaandika filamu. Yule afisa akampigia muhuri na kumwambia aandike nzuri.

Tangu 1936 Wilder aliandika akiwa na mwenzake, Charles Brackett, Mmarekani wa familia ya kitajiri ambaye hawakukubaliana naye kwa siasa wala tabia. Waligombana chumbani miaka mingi, na kutoka chumba hicho zikatoka filamu kama Ninotchka, mwaka 1939. Baadaye, kuanzia 1957, akapata mwenzi mwingine, I.A.L. Diamond, naye mtoto wa wahamiaji, aliyezaliwa upande wa Romania. Wakaandika pamoja zaidi ya miaka ishirini. Tazama hapo: mmoja wa waandishi wakubwa wa vichekesho wa karne nzima karibu hakuandika peke yake kamwe. Alihitaji mtu chumbani wa kumwambia hapana, hiyo haichekeshi. Wewe unaye huyo mtu. Ni yule anayekukatiza kila ukisimulia, anayekwambia umeruka sehemu. Acha kumkasirikia. Mpe kalamu ya pili.

Kisha kuna kisa cha mende, na hiki nataka ukishike. Wilder alichukua yale machungu ya kusubiri mpakani, akaandika na Brackett filamu ya mhamiaji aliyekwama katika hoteli chafu ya Mexico, Hold Back the Dawn, ya 1941. Ndani yake waliweka tukio ambapo mhamiaji, kwa upweke na hasira, anamsimamisha mende ukutani na kumhoji anakokwenda na kama ana karatasi zake, vile vile anavyohojiwa yeye na maafisa. Ni tukio la kuchekesha na kuumiza kwa wakati mmoja. Nyota wa filamu, Charles Boyer, akakataa kuongea na mende. Mwelekezi, Mitchell Leisen, akakubaliana na nyota, na tukio likafutwa. Wilder aliyekuwa ameishi chumba kile hakuwa na la kufanya. Maneno yalikuwa yake lakini filamu haikuwa yake. Mwaka uliofuata, 1942, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwelekezi, akiongoza filamu yake ya kwanza ya Marekani. Hakurudi nyuma tena, na baadaye akawa pia mtayarishaji wa filamu zake.

Miaka ya 1940 alitazama filamu ya Kiingereza kuhusu wapenzi wawili wanaoazima nyumba ya rafiki ili wakutane. Kila mtu ukumbini aliwatazama wapenzi. Wilder aliwaza juu ya yule rafiki, mwenye nyumba, anayerudi usiku peke yake na kulala kwenye kitanda ambacho bado kina joto la watu wengine. Akaandika wazo hilo akaliweka. Wakati huo wasimamizi wa maadili ya filamu wasingelikubali. Akalisubiri zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1960 likatoka kama The Apartment, kuhusu karani mdogo anayewaazima mabosi wake ufunguo wa nyumba ili apandishwe cheo. Kwa filamu hiyo moja alipata tuzo tatu za Oscar: kama mwandishi, kama mwelekezi na kama mtayarishaji.

Karani mwenye ufunguo huko New York, bawabu mwenye suti huku Nairobi. Wilder na Bukeko walifanya jambo lilelile, walimtazama mtu ambaye wengine wanampita. Sasa nitajie wanaopitwa Magwagwa. Yule anayebeba spika za matanga kutoka boma hadi boma, anayejua siri za kila familia kwa kuwa hakuna anayemwona akiwa amesimama hapo. Mama anayeuza omena sokoni Sondu, anayeelewana na Mgusii, Mjaluo na Mkipsigis, na anaposikia watu wakipanga kumpunja kwa lugha wanayodhani haijui, anawaacha wamalize. Mtu aliyepiga hesabu ya fidia ya shamba lake kwa sababu ya bwawa la Magwagwa, bwawa ambalo limezungumziwa miaka mingi kwenye mto Sondu, na ameshatumia pesa hizo kichwani mara tatu. Mimi ningeanza na huyu wa mwisho. Nampenda tayari. Mcheke kwa mapenzi, kwa sababu amesubiri sana na ana haki ya kuota.

Najua utaniuliza lugha. Uandike Kiswahili, Kiingereza au Ekegusii? Nakujibu kwa mfano wa Wahome Mutahi. Aliandika safu ya kuchekesha ya Whispers kwa Kiingereza, ikasomwa nchi nzima. Alikuwa ameonja jela mwaka 1986 kwa madai ya siasa, akatoka na kalamu yake ikiwa kali zaidi. Na bado alipotaka kuwafikia watu kabisa, aliandika tamthilia kwa Kikuyu na kuziigiza kwenye baa, watu wakiwa na vinywaji mezani, bila kusubiri ukumbi wa taifa. Na pale River Road, Nairobi, zikaja filamu za bei nafuu za wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo, kwa lugha ya mama, zikauzwa hadi vijijini. Andika kwa lugha ambayo mhusika wako hugombania. Mzee akigombana kwa Ekegusii, agombane kwa Ekegusii, na uweke maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Jamaa wa Nairobi atamjibu kwa Kiswahili kilichochanganyika, na kicheko kitatoka katikati yao.

Usiniambie pia kwamba watu wa Gusii hawajafika mbali kwa njia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, John Kiarie, Tony Njuguna na Walter Mong'are, waliunda Redykyulass. Mong'are, ambaye nchi ilimzoea kwa jina la Nyambane, alimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, kwa ile sauti nzito na ule mkono. Watu waliokua wakiogopa hata kunong'ona jina la rais walikaa sebuleni wakacheka kwa sauti. Mimi nahesabu jambo hilo miongoni mwa yaliyoifungua nchi hii. Vijana watatu, maandishi yaliyopangwa, na ujasiri. Kiarie leo ni mbunge wa Dagoretti Kusini.

Sasa mtayarishaji. Hapa ndipo vijana wengi wenye kipaji hukata tamaa, kwa kudhani kwamba mtayarishaji ni tajiri mwenye sigara na gari jeusi. Sikiliza. Mtayarishaji ni mtu anayehakikisha kwamba watu, vitu na pesa vimefika mahali pamoja siku moja, na kwamba kila mtu amekula. Nani Magwagwa anayefanya hivyo? Kila anayesimamia matanga! Mtu amefariki Jumatatu, mazishi ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Kuna kamati, kuna bajeti, kuna hema, viti, mpishi, gari la kutoka mochari, picha za marehemu, vipaza sauti, ratiba ya wasemaji na mtu wa kuwakatiza. Watu mia tano wanakuja na wanalishwa. Yule dada anayeshika daftari la michango, anayejua nani aliahidi na nani alitoa, ambaye hata mzee wa mtaa anamwogopa, huyo ni mtayarishaji wa filamu ambaye hajaambiwa. Mwambieni leo. Filamu ya dakika kumi ni rahisi kuliko mazishi yoyote aliyowahi kusimamia.

Na mkae naye mezani kabla kamera haijawashwa, mwandike nani anamiliki nini. Karatasi moja inatosha: mwandishi ni nani, mtayarishaji ni nani, pesa zikiingia zinagawanywaje, na hakuna anayeruhusiwa kuuza bila wengine. Mtie sahihi wote. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo lililo kichwani mwako. Inalinda kilichoandikwa au kurekodiwa. Kazi ikiwa tayari, iandikisheni kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Urafiki mwingi wa sanaa huvunjika siku pesa ya kwanza inapoingia, na huvunjika kwa sababu siku ya kwanza kila mtu aliona haya kuzungumzia pesa. Msione haya.

Kuhusu kuandika kwenyewe, ukurasa mmoja wa mswada huwa karibu dakika moja kwenye kioo. Kwa hivyo kichekesho cha dakika kumi ni kurasa kumi, na kurasa kumi umeshawahi kuandika ukiwa kidato cha tatu kwa lazima ya mwalimu. Weka wahusika watatu, wakizidi utapotea. Weka mahali pamoja au pawili: gari, ua wa boma, duka. Andika wanachosema na wanachofanya, basi. Usituandikie mhusika anafikiria nini, tuonyeshe anaficha nini mfukoni. Kama hujui mazungumzo ya kuchekesha yanavyoandikwa kwa Kiswahili, rudi kwenye Mstahiki Meya ya Timothy Arege, ile tamthilia ambayo wengine waliisoma kwa ajili ya mtihani wakaifunga milele. Ifungue tena, safari hii kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Angalia anavyomwacha kiongozi ajianike kwa maneno yake mwenyewe.

Na wewe uliye shuleni bado, una jukwaa ambalo wakubwa wako wanalionea wivu. Tamasha la drama la shule na vyuo limekuwepo tangu 1959, na siku hizi linapokea filamu pia. Mwalimu anayewaandikia mchezo ni mwandishi wa kweli. Muombe usome mswada wake, muulize kwa nini alikata lile tukio mlilolipenda.

Kwa upande wa picha, simu yenu itatosha. Kinachoua filamu nyingi za vijijini ni sauti. Gusii ni nchi ya mvua, na mara nyingi hunyesha alasiri. Mvua ikigonga mabati hakuna neno litakalosikika, hata mngepiga kelele. Rekodini asubuhi. Tafuteni simu ya pili, muifiche karibu na mzungumzaji, nyuma ya birika au ndani ya mfuko wa shati, irekodi sauti peke yake, kisha muunganishe baadaye. Fungeni jogoo. Zimeni redio ya jirani kwa kumwomba kwa heshima na kumwahidi nafasi kwenye filamu. Mambo haya madogo ndiyo yanayotenganisha kazi inayotazamwa hadi mwisho na ile inayofungwa dakika ya kwanza.

Wengine mtakwama kwa kutaka kila mstari uwe kamili kwanza. Wilder na Diamond walipokuwa wakimaliza Some Like It Hot, filamu ya 1959 kuhusu wanamuziki wawili wanaojificha wasionwe na majambazi kwa kuvaa nguo za kike, walikosa neno la mwisho. Diamond akapendekeza jibu fupi tu la tajiri mmoja anapogundua kwamba mchumba wake ni mwanamume. Wakaliweka kwa muda, wakikubaliana kutafuta bora zaidi. Siku ya kurekodi ikafika, bora zaidi halikuwa limepatikana, wakalitumia lile lile. Limekuwa moja ya majibu yanayokumbukwa zaidi katika historia ya sinema, na mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliitaja filamu hiyo kuwa ya kwanza kati ya vichekesho vyote vya nchi hiyo. Walifika hapo kwa sababu walikuwa na kurasa zote nyingine tayari.

Kwa hivyo malizeni, kisha muonyeshe nyumbani kabla ya kuipandisha mtandaoni. Ombeni ukumbi wa kanisa au darasa, tundikeni shuka jeupe, kodini projekta, tozeni shilingi ishirini, na yule dada wa daftari aketi mlangoni. Wewe mwandishi usitazame filamu, unaijua. Keti pembeni, uwatazame watu, na mswada wako mkononi. Pale wanapocheka, tia alama. Pale wanapotazama simu zao, tia alama nyingine. Pale bibi anapomgeukia jirani yake na kumwambia jambo, mfuate baadaye umuulize alisema nini, kwa maana huenda ndilo neno mlilolikosa. Kesho yake mkate sehemu zilizolala na muonyeshe tena upande wa pili wa kata, kwa watu wasiowajua.